Programu isijipe alama yenyewe

Haya wasomaji wangu, nimekuwa kimya hapa kwa muda. Sikuwa safarini wala sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nimefungwa na kazi ya picha za ubongo, kazi niliyodhani ni ya wikendi mbili ikaishia kunila miezi miwili. Leo nataka kuiandikia, kwanza kwa sababu ni kazi tamu kwa yeyote anayependa programu na hisabati, na pili kwa sababu ilinitia aibu, na aibu hiyo imenipa msimamo ambao sidhani nitaubadilisha hivi karibuni.

Msimamo wenyewe ni huu: programu inayolinganisha picha za ubongo isiachiwe kujipa alama yenyewe. Mtu anayejua ubongo aangalie. Na kama haiwezekani kuangalia kila picha, basi awepo shahidi mwingine ambaye programu hiyo haikumwona ilipokuwa ikifanya kazi. Najua wengine wenu, hasa nyinyi wa mambo ya mashine kujifunza, mmeshaanza kukunja uso. Vumilieni kidogo.

Nina rafiki tuliyesoma naye sekondari. Mimi nikaenda sayansi ya tarakilishi, yeye akaenda udaktari, na sasa anasomea ubingwa wa radiolojia. Kwa utafiti wake alikuwa na picha za wagonjwa 18 wenye uvimbe kwenye ubongo. Kila mmoja alikuwa na picha ya CT na picha ya MRI, zilizopigwa siku tofauti kwenye mashine tofauti. Majina yalikuwa yameondolewa na kibali cha utafiti kilikuwepo. Alichotaka ni kitu kimoja: picha hizo mbili zilaliane sawasawa, ili akigusa nukta kwenye CT apate nukta ile ile kwenye MRI. CT huonyesha vizuri mfupa na damu, MRI huonyesha vizuri tishu laini, na yeye alitaka kuona yote mahali pamoja.

"Fundi," akaniambia, "si wewe unajua hivi vitu?"

Nikasema najua, Dakta. Kusema kweli nilijua nusu.

Ngoja nieleze tatizo kwa wasiolijua. Picha ya MRI si picha moja kama ya kamera. Ni rundo la vipande, kama mkate uliokatwa slesi. Ukivipanga vipande hivyo unapata kisanduku cha nukta chenye urefu, upana na kimo, na kila nukta huitwa vokseli. Kisanduku kimoja kina mamilioni ya vokseli. Sasa, hakuna binadamu anayeweza kulaza kichwa mara mbili kwenye mashine mbili kwa namna ile ile. Mara hii kidevu kimeinuka, mara ile sikio limelalia upande. Kwa hiyo vokseli iliyo katikati ya uvimbe kwenye picha ya kwanza, kwenye picha ya pili iko mahali pengine kabisa.

Kwa mgonjwa mmoja dawa yake ni rahisi kuitaja. Fuvu halipindiki, kwa hiyo unahitaji namba 6 tu: tatu za kusogeza na tatu za kuzungusha. Ukiongeza kutanua na kuinamisha, namba zinafika 12. Ukitaka kulinganisha ubongo wa mtu mmoja na wa mtu mwingine hizo hazitoshi, kwa sababu mikunjo ya ubongo hutofautiana mtu na mtu. Hapo kila nukta hupewa mshale wake wa kuiambia iende wapi, na namba zinakuwa mamilioni. Hilo nitalirudia baadaye.

Programu hutafutaje hizo namba 6? Hukisia, hujipa alama, husogeza kidogo, hujipa alama tena. Alama zikipanda huendelea, zikianza kushuka hugeuka. Ni kama kupanda Longonot usiku bila tochi, ukipapasa kwa mguu tu. Mradi ardhi inapanda, unapanda nayo. Ukifika mahali ambapo kila upande unashuka, unasema umefika kileleni. Huenda ni kilele. Huenda ni kichuguu.

Basi kila kitu kinategemea hizo alama, na alama za CT kwa MRI zina ujanja wake. Mfupa kwenye CT ni mweupe, kwenye MRI ni mweusi. Ukitoa mwangaza wa nukta moja kwa mwangaza wa nyingine hupati kitu cha maana. Suluhisho lilikuja mwaka 1995 kutoka sehemu mbili karibu wakati mmoja: Paul Viola na William Wells kule MIT, Marekani, na André Collignon, Frederik Maes na wenzao kule Leuven, Ubelgiji. Walitumia kipimo kiitwacho taarifa za pamoja.

Mfano wangu ni huu. Chukua kanda mbili. Kwenye moja Mluo anasimulia filamu kwa Kidholuo, kwenye nyingine Mkikuyu anasimulia filamu ile ile kwa Kikikuyu. Wewe hujui lugha hata moja. Ukizicheza pamoja, utagundua kwamba kila mmoja akisema "pi", mwenzake anasema "maaĩ". Mmoja akisema "mach", mwenzake "mwaki". Huhitaji kujua kwamba hayo ni maji na moto. Unachohitaji kujua ni kwamba maneno yanakwenda kwa jozi. Sasa isogeze kanda moja dakika tano mbele: jozi zinavurugika, "pi" inakutana na kila neno. Taarifa za pamoja hupima jinsi jozi zilivyo thabiti. Programu haiulizi kama nyeupe imekutana na nyeupe. Huuliza kama nyeupe ya huku kila mara inakutana na rangi ile ile ya kule. Mimi nilipoielewa mara ya kwanza niliacha chai ikapoa.

Basi nikaandika programu yangu. Sikuanza sifuri, nilitumia maktaba huria zilizopo, nikaziunganisha kwa mistari yangu mia kadhaa. Nikaiendesha usiku, asubuhi nikakuta jedwali: wagonjwa 18, alama 18, zote nzuri, hakuna hata mmoja aliyeachwa nyuma. Nilijipiga kifua. Jumamosi nikamwita rafiki yangu tunywe kahawa, nikafungua tarakilishi, nikamwonyesha jedwali. Hakuliangalia. Akasema, "Nionyeshe picha."

Nikamfungulia mgonjwa wa kwanza, CT chini na MRI juu yake ikiwa na rangi. Macho juu ya macho, pua juu ya pua, fuvu limekaa kwenye fuvu kama sufuria na kifuniko chake. Akaangalia labda sekunde tano.

"Huyu ana uvimbe mmoja ama miwili?"

"Mmoja. Si ni wewe ulinipa?"

"Basi mbona mmoja uko kulia na mwingine uko kushoto?"

Wasomaji, nilitamani meza ya ile hoteli inimeze. MRI ilikuwa imegeuzwa kama picha kwenye kioo. Tukapitia wote 18, ikachukua kama dakika ishirini. Sita walikuwa hivyo, wote kutoka mashine moja.

Kosa lilikuwa mstari mmoja. Faili za mashine ile, nilipozifungua mara ya kwanza, zilionyesha kichwa kimeangalia chini. Nikasema hii ni rahisi, nikapindua safu za picha, ya juu ikawa ya chini, na kichwa kikaangalia juu. Nikaridhika. Lakini kupindua juu-chini si sawa na kuzungusha nusu duara. Ukizungusha, kulia na kushoto vinahama pamoja na kichwa. Ukipindua, umetengeneza mtu wa kwenye kioo. Na ukishamtengeneza, hakuna kumrudisha kwa namba zile 6. Chukua kiatu cha kushoto ukizungushe utakavyo, hakitakuwa cha kulia.

Sasa njoo kwenye jambo lililoninyima usingizi. Kwa nini alama hazikulia? Programu ilipewa kichwa cha mtu wa kwenye kioo, na bado ikakipa alama nzuri. Sababu ni kwamba nusu ya kushoto na nusu ya kulia ya ubongo zinafanana sana kwa umbo, na fuvu vilevile. Uvimbe ni sehemu ndogo ya kichwa kizima. Kati ya mamilioni ya jozi za vokseli, zilizokuwa uongo mtupu zilikuwa chache, zikamezwa na umati. Alama za wale sita hazikuwa za chini kabisa. Zilikuwa katikati ya wenzao. Ungelitazama jedwali lile mwaka mzima usingegundua chochote.

Na kitu pekee ambacho daktari alihitaji kujua kuhusu hao wagonjwa, uvimbe uko wapi, ndicho kitu pekee ambacho alama haikukihisi.

Kuna atakayesema hilo ni kosa la mwanagenzi. Ni kweli. Faili zenyewe za DICOM hubeba habari ya mwelekeo wa mgonjwa, mimi ndiye sikuisoma. Lakini mkanganyiko wa kulia na kushoto ni ugonjwa wa zamani katika fani hii. Madaktari wa radiolojia huonyesha upande wa kulia wa mgonjwa kushoto mwa skrini, kana kwamba wamesimama miguuni pake. Watafiti wengi wa ubongo huonyesha kulia kuwa kulia. Kwenye DICOM namba za mhimili wa kwanza huongezeka kuelekea kushoto kwa mgonjwa, kwenye NIfTI huongezeka kuelekea kulia. Muundo wa zamani wa faili ulioitwa Analyze, ambao watafiti waliutumia miaka mingi, haukusema wazi upande upi ni upi, na hiyo ni mojawapo ya sababu NIfTI ilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwa hiyo mimi si wa kwanza kuanguka kwenye shimo hili. Ni la wengi.

Lakini hoja yangu ni pana kuliko kulia na kushoto. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Programu ya kulinganisha picha imeambiwa kazi yako ni kuongeza alama hii. Inaiongeza. Kisha sisi tunaiuliza umefanya kazi vizuri? Inajibu kwa alama ile ile. Huo si ushahidi. Ni kumwuliza mwanafunzi mtihani aliojitungia mwenyewe.

Aliyelionyesha hili kwa ukatili zaidi ni Torsten Rohlfing wa SRI International, California. Mwaka 2012 alichapisha makala katika jarida la IEEE la picha za kitabibu, na ndani yake alitengeneza programu aliyoiita kwa kejeli CURT, yaani Chombo cha Kulinganisha Kisichofaa Kabisa. Inafanya hivi: inachukua nukta zote za picha ya kwanza na kuzipanga kuanzia nyeusi kabisa hadi nyeupe kabisa. Inafanya hivyo kwa picha ya pili. Kisha inachukua nukta ya kwanza kwenye foleni ya huku na kuiweka mahali pa nukta ya kwanza ya foleni ya kule, ya pili kwa ya pili, mpaka mwisho. Basi. Haijui ubongo ni nini. Nukta iliyotoka mbele ya ubongo inaweza kutua kisogoni mradi mwangaza unalingana.

Mnadhani ilipata alama gani? Ilizishinda programu za kweli. Kwenye mfanano wa picha ilikuwa juu, na kwenye kulaliana kwa tishu, kijivu juu ya kijivu na nyeupe juu ya nyeupe, ilikuwa juu pia. Hivyo ndivyo vipimo ambavyo makala chungu nzima zilikuwa zikivitumia kuthibitisha kwamba algoriti yao mpya ni bora. Rohlfing alihitimisha kwamba kulaliana kunaweza kuaminiwa pale tu unapopima sehemu ndogo ndogo za ubongo zilizotambuliwa mahali pake, si tishu kwa ujumla. Kila mtu anayeandika programu za aina yoyote angeisoma makala ile, hata kama hatawahi kugusa picha ya ubongo.

Je, kuna waliofanya vizuri? Wapo, na zamani. Miaka ya 1990 kule chuo kikuu cha Vanderbilt, Marekani, Jay West, J. Michael Fitzpatrick na wenzao walikuwa na picha za wagonjwa waliokuwa wanasubiri upasuaji wa ubongo. Wagonjwa hao walikuwa wamewekewa vialama vilivyofungwa kwenye mfupa wa fuvu kwa ajili ya upasuaji wenyewe. Kwa vialama hivyo walijua jibu sahihi la kulinganisha CT na MRI. Kisha wakavifuta kwenye picha, wakazisambaza kwa intaneti kwa vikundi vya watafiti, wakasema haya, linganisheni. Vikundi vikarudisha majibu bila kuona jibu sahihi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1997. Njia nyingi zilifanya vizuri mara nyingi, lakini mara nyingine kosa likawa kubwa bila onyo, na waandishi wakasema wazi kwamba jicho la mtu bado linahitajika ili kukamata makosa makubwa.

Nipendacho katika jaribio lile ni kule kufuta. Shahidi alifichwa mshtakiwa asimwone. Huo ni uhandisi wa heshima.

Fitzpatrick huyo huyo alirudi mwaka 2009 na jambo lingine linaloogopesha. Kwenye vyumba vya upasuaji kuna mitambo inayomwongoza daktari kwa kulinganisha picha na kichwa halisi kupitia vialama. Mtambo huonyesha namba: vialama vimelingana kwa kosa la milimita kadhaa. Ni rahisi kudhani kwamba namba ikiwa ndogo, basi na kule ndani, kwenye uvimbe, kosa ni dogo. Fitzpatrick alionyesha kihisabati kwamba, kwa ulinganishaji wa aina hiyo wa kutumia vialama, makosa hayo mawili hayana uhusiano wa kitakwimu. Leo umepata namba ndogo, kesho umepata kubwa, kwa mtambo ule ule na mpangilio ule ule wa vialama, na hiyo haikuambii lolote kuhusu tofauti ya kosa pale sindano inapokwenda. Fikiria uko mezani, kichwa kimefunguliwa, na daktari anapumua kwa raha kwa sababu ya namba iliyo kwenye skrini.

Nilisema nitarudi kwenye ile mishale milioni. Hapo ndipo kuvutia kwake kunakuwa kubaya zaidi. Ili kulinganisha watu wengi, watafiti huvuta kila ubongo ufanane na kiolezo kimoja. Kiolezo kilichotumika sana, atlasi ya Jean Talairach na Pierre Tournoux ya mwaka 1988, kilitokana na ubongo wa mwanamke mmoja Mfaransa wa miaka 60, na nusu moja ya ubongo ikachukuliwa iwakilishe zote mbili. Baadaye Montreal, Kanada, walitengeneza kiolezo cha wastani wa watu 305, wengi wao wanaume vijana. Ni hatua kubwa mbele. Lakini jiulize, ukimleta mgonjwa mwenye uvimbe, programu itafanya nini? Kiolezo hakina uvimbe. Uvimbe unashusha alama. Ukiipa mishale milioni na ukaiambia ongeza alama, itaubana uvimbe mpaka ukaribie kutoweka, na itasukuma tishu zilizo jirani kuziba pengo. Alama itapanda! Programu itakuwa imefanya kazi yake kikamilifu kwa kufuta ugonjwa. Ndiyo maana Matthew Brett na wenzake walipendekeza mwaka 2001 kwamba sehemu yenye jeraha ifunikwe isihesabiwe kwenye alama. Na nani atachora kifuniko hicho? Mtu anayejua jeraha liko wapi. Tumerudi pale pale.

Najua mtaniambia kuhusu mashine kujifunza. Ni kweli mambo yamesonga. VoxelMorph, iliyotoka MIT mwaka 2018, inalinganisha ubongo wa watu wawili kwa chini ya sekunde moja kwenye GPU, kazi ambayo njia za awali zilichukua masaa kwenye prosesa ya kawaida. Nimeijaribu, nikaivulia kofia. Lakini angalia ilivyofundishwa katika umbo lake la msingi: iongeze mfanano wa picha na mishale isiwe na vurugu. Mwamba ngoma ni yule yule, sasa anaamba kwa kasi zaidi. Kasi ya kukosea imeongezeka sawa na kasi ya kupatia.

Pingamizi la haki ninalolisikia ni la wingi. Wagonjwa 18 mtu anawaangalia akinywa kahawa. Mradi wa UK Biobank wa Uingereza ulianza kupiga picha mwaka 2014 ukilenga watu 100,000. Nani ataangalia zote? Nakubali, hakuna. Lakini kutoweza kuangalia zote si ruhusa ya kutoangalia hata moja. Mkaguzi wa hesabu hasomi kila risiti, ila huchagua yeye zipi za kusoma, hamwachii mwenye duka amchagulie.

Pingamizi la pili nilijitolea mwenyewe. Si niliangalia? Nilifungua picha, nikaona kichwa kiko chini, nikakipindua kwa macho yangu mawili. Kosa lilitoka kwenye jicho, wala si kwenye alama! Ni kweli, na hilo limenifundisha kwamba si kila jicho ni jicho. Mimi niliangalia picha. Rafiki yangu aliangalia mgonjwa. Yeye alijua uvimbe unapaswa kuwa wapi kabla sijafungua faili. Mwandishi wa programu asijidanganye kwamba kuona rangi zimelaliana ni kukagua.

Kwa hiyo, kwa yeyote anayeingia kwenye kazi hii, haya ndiyo nimeyabandika ukutani:

1. Geuza picha makusudi. Chukua mgonjwa unayemjua, mgeuze kama kwenye kioo, mpitishe kwenye mfumo wako. Mfumo ukikaa kimya, hujamaliza kazi. Wangu ulikaa kimya. Siku hizi jaribio hilo linaendeshwa kila ninapobadilisha mstari.

2. Kila mgonjwa apate ukurasa wa picha, si mstari wa jedwali. Picha mbili zikatwe miraba zipishane kama ubao wa drafti, au kingo za moja zichorwe juu ya nyingine. Watu wa fMRIPrep wamefanya hivyo vizuri: kila mtu aliyechakatwa hupata ripoti ya kufungua kwenye kivinjari, picha zikipishana mbele ya macho yako.

3. Ficha shahidi. Mwombe daktari aweke nukta nane au kumi kwenye picha zote mbili kabla hujaanza. Usiipe programu hizo nukta. Ikimaliza, pima umbali kwa milimita. Milimita inaeleweka na kila mtu; alama ya taarifa za pamoja haieleweki hata na aliyeiandika.

4. Taja kosa kubwa kuliko yote, si wastani pekee. Mgonjwa haumwi kwa wastani.

Na hili litatuhusu zaidi huku kwetu kadiri siku zinavyokwenda. Mwaka 2022 mashine ya MRI ya sumaku dhaifu iliunganishwa papo hapo Mbarara, Uganda, kwa ushirikiano na vyuo vya Uholanzi na Marekani. Mashine za aina hiyo ni rahisi kuliko zile kubwa, na picha zake zina ukungu zaidi. Mtu atahitajika kuzilinganisha na picha za mashine kubwa, na nadhani mtu huyo atakuwa kijana wa huku mwenye tarakilishi na usiku mrefu. Picha yenye ukungu ina vichuguu vingi kuliko vilele. Yasiyoonekana kwenye alama yatakuwa mengi zaidi.

Namalizia na kitu alichonieleza rafiki yangu siku ile, baada ya kuona nimenyong'onyea. Kuna watafiti ambao, kabla ya kumwingiza mtu kwenye mashine ya MRI, humbandikia kidonge laini cha vitamini E upande mmoja wa kichwa, tuseme wa kulia. Mafuta yake hung'aa kwenye picha. Ukiona kitone cheupe kando ya kichwa, huko ndiko kulia, hata kama faili imepitia programu kumi na kila moja imeigeuza inavyotaka. Ni ndugu wa ile kalamu ya daktari wa upasuaji: orodha ya usalama iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008 inauliza, kabla ya kisu, kama mahali pa kupasua pamewekwa alama.

Kidonge kimoja cha kununua duka la dawa. Hakina hisabati, hakijui taarifa za pamoja, hakihitaji GPU. Lakini kiliwekwa na mtu aliyekuwa amesimama kando ya mgonjwa na kuona kwa macho yake huu ndio mkono wa kulia. Programu yangu yote haikuwa na habari hiyo hata moja.

Wagonjwa wote 18 sasa wako sawa, wale sita wamerudi upande wao, na rafiki yangu anaendelea na utafiti. Kahawa nililipa mimi. Kama nawe umewahi kudanganywa na alama nzuri, ya picha au ya kitu kingine chochote, niandikie tucheke pamoja.